Bolti ya Kushoto

Chuoni, Same
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, goti limepunguza maumivu, na kahawa haijaingiliwa na wale wadudu wa mwaka jana. Huku mvua bado. Upepo unavuma kila alasiri na vumbi tunalila pamoja na wali. Mwili wangu ni mzima kabisa. Ila Jumapili uliponipigia simu nilikwambia mambo yote ni mazuri, na haikuwa kweli, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Kwenye simu ningelia, na dada angekunyang'anya simu aanze kuniuliza maswali.

Naogopa, Mama. Tangu Jumamosi chakula hakipiti. Kila nikisikia hatua za mtu kwenye korido nadhani wanakuja kuniambia kwamba mtoto wa watu amefunga begi lake amerudi kwao, na kwamba mimi ndiye niliyemrudisha.

Unajua kuwa mbali na kufundisha darasani nimepewa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Siyo netiboli uliyocheza wewe shuleni. Huu una ubao nyuma ya ringi, na unaruhusiwa kukimbia huku unaudundisha mpira. Ukifunga kutoka karibu unapata pointi mbili, ukifunga kutoka mbali, nje ya mstari mkubwa, unapata tatu. Wasichana wangu ni wadogo, wengi wana miaka kumi na minane, na ni wafupi. Mrefu ni nahodha peke yake, Naserian, binti wa wafugaji wa huku tambarare, ambaye akiingia ofisini kwangu anainama mlangoni. Kupambana na wenzetu chini ya ringi tulikuwa hatuwezi, tunasukumwa kama magunia. Basi nikaamua tutafunga kwa mbali.

Mkono wa kutupa unafundishika haraka. Kilichonisumbua ni aibu. Hawa watoto wamelelewa vizuri mno, Mama. Mmoja akitupa akakosa, anasema samahani. Wenzake wanasema pole. Yeye anasema asante. Na mpira unaofuata hautupi, anampa mwenzake, kwa sababu ameshawasumbua watu vya kutosha. Nikapiga marufuku. Nikasema kwenye kiwanja changu hakuna samahani na hakuna pole, ukikosa unasema "tena" na unatupa tena. Walinicheka wiki nzima, lakini walishika. Nikawachorea mistari ya majivu, ya kwanza karibu na ringi, ya pili hatua moja nyuma, na kila wiki wanarudi nyuma hatua nyingine. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanasimama nje ya mstari mkubwa na kutupa bila kuniangalia usoni kwanza. Nilitamba sana. Unanijua.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ni kosa la mtu asiyezaliwa hapa. Kiwanja chetu kina goli moja tu, la pili ringi yake ilikatika kabla sijafika. Mazoezi ni saa kumi jioni, vipindi vikiisha, na saa kumi ndiyo saa ya upepo wa Same. Unatoka kushoto unakwenda kulia, siku zote, huna haja ya kunyoosha kidole kuupima. Mpira uliotupwa kwa mbali unasogezwa. Kwa hiyo mwanzoni niliwaambia, "Kwa sababu ya upepo, lengeni ile bolti ya kushoto inayoshika ringi." Wakalenga bolti ya kushoto, mpira ukasogezwa, ukaingia katikati. Baada ya muda nikaacha kusema habari za upepo. Nikawa nasema tu, "Bolti ya kushoto, bolti ya kushoto." Siku chache upepo ulipotulia tulikosa, nikasema leo siyo siku yetu. Nilisahau kabisa, Mama, kwamba sikuwa nikiwafundisha kutupa kwenye ringi. Nilikuwa nawafundisha kutupa kwenye upepo wa Same.

Nakiete alijiunga wakati neno upepo limeshapotea midomoni mwangu. Yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anatoka Mamba, huko juu milimani wanakolima tangawizi. Mdogo wa umbo, anatembea akiambaa ukuta. Alikuja kuokota mipira tu, anawarudishia wenzake. Siku moja nikamwambia naye atupe. Akasema, "Mimi hapana, Madam." Nikamwambia kitakachotoka mkononi mwako ni jukumu langu, wewe tupa. Akatupa, akakosa, akauomba msamaha mpira wenyewe. Lakini alirudi kesho yake na kesho kutwa. Katika miezi mitano akawa bora kuliko wote. Alikuwa anafika nje ya mstari mkubwa, miguu inajipanga yenyewe, jicho kwenye bolti, mpira umeshatoka. Nilimsikia siku moja anamwambia mwenzake kwa sauti, "Tena!" Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Tulipoitwa kwenye mashindano ya vyuo huko Moshi, Nakiete alisema hawezi kwenda bila baba yake kuruhusu. Nikapanda mwenyewe, gari hadi chini ya mlima, halafu bodaboda kwenye kona ambazo nilifumba macho. Nikamkuta baba yake na mama yake wamekaa barazani wanasafisha tangawizi, udongo hadi kwenye viwiko. Nikawaamkia, wakaitika, baba akaniwekea kigoda, akaniacha niongee mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Mwalimu, akikosa watamcheka?"

Nikamwuliza kwa nini anauliza hivyo. Akaniambia kwamba Nakiete akiwa kidato cha pili alisimama mstarini asubuhi kusoma taarifa ya habari mbele ya shule, akakosea neno, shule nzima ikacheka. Aliacha kuongea. Siyo siku moja, muhula mzima. Walimu walidhani ni kiburi. Nyumbani alikuwa akimnong'oneza mama yake tu.

"Huyu si mtoto wa kuchekwa," akasema yule baba. "Ukimpeleka kwa watu, sharti unirudishie anaongea."

Wewe huwa unasema mdomo wangu unatangulia akili. Nilimjibu palepale, "Baba, huyu hatakosa." Akachukua tangawizi nyingine akaendelea kuisafisha. Akasema haya, nendeni.

Wiki ya safari, Jumatatu, siku hiyo moja mitihani ikatuhamishia mazoezi asubuhi. Saa moja asubuhi hapa Same hakuna hata jani linalotikisika. Wakajipanga, wakatupa. Wote wakakosa. Na wote wakakosa upande mmoja, kushoto, kama wameambizana. Mmoja akasema mkono wake umeharibika. Mwingine akaanza kunong'ona kuwa kuna watu hawatupendi, wametufanyia kitu. Nakiete alitupa mipira kumi na miwili mfululizo, yote kushoto, akageuka kunitazama.

Nilielewa saa hiyohiyo, Mama. Mashindano yangefanyika ndani ya bwalo la shule moja, kuta pande zote na paa juu. Ningeweza kuwaambia palepale. Zilibaki siku nne, tungeamka mapema kila siku, pengine ingetosha. Lakini niliona macho yao nikaogopa. Nilifikiri nikiwaambia kuwa mkono niliowapa umepinda, hawatatupa tena kabisa, na miezi yote hii itakuwa kazi bure. Nikasema, "Ni uchovu wa mitihani. Mkalale." Wakaniamini. Kesho yake jioni tukarudi kwenye upepo, mipira ikaingia, wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi tukaenda Moshi kwa kosta ya chuo, wanaimba njia nzima. Mimi nilikuwa mbele karibu na dereva nikijifanya nina kichefuchefu. Mama, nilikuwa naomba Mungu atoboe paa la bwalo lile.

Mpira wa kwanza wa Nakiete ulipiga ukingo wa kushoto ukatoka. Akasema "tena." Wa pili vilevile. Wa tatu ukapiga ubavu wa ubao. Wenzake nao walikuwa wanakosa, lakini yeye ndiye niliyemwambia atupe zaidi, kwa hiyo alitupa zaidi. Wa nne haukugusa kitu chochote, ukapita kushoto ukamwangukia mapajani mgeni mmoja aliyekaa mbele na soda yake. Bwalo zima likacheka. Sikuona ubaya wao, hata mimi ningekuwa mgeni ningecheka. Nakiete akasimama katikati ya kiwanja mikono imening'inia, akaniangalia kama Jumatatu ile.

Nikaomba mapumziko. Wakanizunguka. Nikasema, "Sikilizeni, kosa ni langu. Kwetu kuna upepo unasukuma mpira kwenda kulia, ndiyo maana niliwafundisha kulenga kushoto. Humu hakuna upepo. Lengeni katikati."

Naserian alikuwa anakunywa maji. Akashusha chupa. "Madam, hili umelijua sasa hivi?"

Ningesema ndiyo ingeishia hapo. Lakini Nakiete alikuwa ananitazama, na ulimi ukakataa. "Nililijua Jumatatu."

"Ukatuambia tumechoka."

"Samahani," nikasema.

"Kiwanjani hatusemi samahani, Madam." Akawainua wenzake wakarudi mchezoni kabla filimbi haijapulizwa.

Naserian na wengine walijaribu kulenga katikati, mpira mmoja mmoja ukaanza kuingia, ila mkono uliozoea miezi yote hiyo haugeuki kwa dakika tano. Nakiete hakutupa tena. Kila mpira uliomfikia aliutoa haraka kwa mwenzake kama umemchoma. Tulifungwa vibaya, tukapanda kosta, hakuna aliyeimba. Nikampelekea maji. Akayapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akainamisha kichwa, hakusema kitu.

Na hajasema kitu hadi leo. Leo ni siku ya nne. Mwenzake wa chumbani anasema anajibu kwa kichwa tu. Jana darasani nilimwuliza swali, jepesi kwa makusudi, hata mtu aliyesinzia angelijibu. Akasimama. Midomo ikatikisika, hakuna sauti, akakaa. Darasa zima likainama kuangalia madaftari. Mama, mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nimekwenda chumbani kwao mara tatu nimuombe radhi, nafika mlangoni narudi. Ningemwambia nini, niamini? Nimemfanyia vibaya kuliko wale waliomcheka mstarini, kwa sababu wao hawakumwambia kwanza kwamba yeye ni hodari.

Baba yake hajui bado. Mtu wa kwao akishuka kuuza tangawizi kesho, kesho kutwa baba atakuwa amesikia. Naiacha barua hapa, kengele imelia.

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi

Mama, barua hii imelala mezani siku tatu. Nisamehe, nilishindwa kuimalizia pale ilipokuwa imefikia.

Jana asubuhi na mapema nilikuwa napiga mswaki nje, wanafunzi wanafagia, nikasikia mpira unadunda kule kiwanjani. Unadunda, unanyamaza, unagonga chuma. Nikaenda na mswaki wangu mkononi. Alikuwa Nakiete, peke yake, ufagio ameulaza chini kwenye mstari wa majivu. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Nikasimama pembeni moyo unanidunda kuliko ule mpira. Akatupa, ukatoka, ukabingirika hadi miguuni kwangu. Nikauokota nikamrudishia. Akaupokea, akatupa tena. Tukaendelea hivyo labda mara thelathini, mimi naokota, yeye anatupa. Mmoja ulikuwa unaingia, mitatu inatoka. Niliona kiwiko chake kimekaa vibaya, nikaogopa hata kumwambia.

Kisha akaushika mpira akatulia.

"Madam." Sauti ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka na mafua. "Jumatatu ile ulijua kweli?"

"Nilijua."

"Mbona hukutuambia?"

Siku zote hizo nilikuwa nimetunga majibu, yenye maneno ya semina ndani yake. Sikukumbuka hata moja. Nikasema, "Niliogopa."

"Ulimwogopa mkuu wa chuo?"

"Hapana. Nilikuogopa wewe."

Akanitazama kama nimesema nimemwona simba jikoni. "Mimi?"

"Wewe. Niliogopa ukijua nimekufundisha vibaya hutaniamini tena, na hutatupa tena."

"Madam," akasema polepole, "mimi wa kuogopwa? Nyumbani hata kuku hawaniogopi. Nikisimama mlangoni wananipita miguuni, wanaingia jikoni."

Akacheka. Kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo, kikaendelea kutoka. Mimi nikaanza kucheka naye, na katikati ya kucheka nikaona kwamba nalia, dawa ya meno kidevuni. Akaugeuza uso ili nijifute. Ana adabu yule mtoto.

Nikamwambia kwamba leo napanda Mamba kumweleza baba yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nikamwambia na kile nilichoahidi pale barazani.

"Ulimwambia sitakosa?"

"Nilimwambia."

Akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa. "Baba hasahau kitu alichoahidiwa. Bado anamdai mjomba jembe aliloahidiwa mimi sijazaliwa."

Kwa hiyo Mama, usidhani hofu imekwisha. Naserian ananiamkia shikamoo kila asubuhi kwa adabu zote na kupita moja kwa moja, na sina haki ya kumlaumu. Mazoezi nimeyahamishia alfajiri, na fundi ameahidi kuchomelea ringi ya pili ili tutupe pande zote mbili. Mimi na timu tunaanza upya mstari wa kwanza wa majivu, karibu kabisa na goli kama watoto. Wengine watachoka na kuacha. Na leo sijui yule mzee atanipokeaje. Tangu nilipoamka nimebadilisha blauzi mara mbili.

Nisalimie dada Kolastika, umwambie kwamba sindano zake za zahanati sizitamani hata leo, na asikusomee barua hii kwa ile sauti yake ya matangazo. Msalimie mjomba Gervas, mwalimu wa kwaya, umwambie kanisa la hapa linaimba taratibu mno, angesikia angeugua. Shangazi anayeuza vitumbua stendi mwambie Same hakuna anayevikaanga kama yeye, nimetafuta. Na mdogo wetu Festo, ambaye kila likizo hunishinda mbio na kunitangaza kijiji kizima, mwambie akae tayari. Wewe funga goti kitambaa ukienda shambani, usingoje liume.

Nilitaka niandike zaidi, ila mtu amebisha hodi. Ni Nakiete, amevaa sketi yake ya kanisani na nywele amezichana. Nimemwambia hana haja ya kuja, kosa ni langu, nitakwenda peke yangu. Amesema gari la Mamba linajaa mapema, nivae viatu. Nimemwomba basi anipe dakika mbili niyapange maneno nitakayomwambia baba yake.

"Acha tu, Madam," amesema. "Nitaanza kuongea mimi."

Mwanao akupendaye,
Dafrosa